Kutazama Ndege wa Bahari Kuu Kutoka Cape Town, na Kujipima Kama Kazi ya Kuwachunguza Inakufaa

Mkazi wa Afrika Mashariki anayetamani kuwaona albatrosi, petreli na pengwini hana sababu ya kufikiria kwanza Scotland au Antaktika. Cape Town, iliyo katika bara hilihili, ni miongoni mwa miji michache duniani ambamo mtu hulala mjini, akapanda boti alfajiri, na kabla ya adhuhuri akawa amezungukwa na mamia ya ndege ambao maisha yao yote hupita mbali na nchi kavu. Chanzo cha wingi huo ni mkondo wa Benguela: pepo zinazovuma kandokando ya pwani ya magharibi huyasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na nafasi yake huchukuliwa na maji baridi yanayopanda kutoka kilindini yakiwa na virutubisho tele, ambavyo hulisha vijimea, vijimea vikalisha dagaa na sadini, nao samaki hao wakalisha ndege, sili, nyangumi na meli za uvuvi.

Mwongozo huu unamhusu mtu mwenye nia mbili kwa pamoja: kuwaona ndege hao, na kuamua kama anataka kuwachunguza kama kazi ya maisha. Nia hizo mbili hutaka safari ya namna moja tu, nayo ni safari ya kuhesabu na kuandika. Mtu aliyekwenda kupiga picha atarudi akiwa na hakika kwamba anawapenda albatrosi, jambo ambalo halikuhitaji nauli ya ndege kulijua. Aliyeshika penseli kutwa nzima kwenye sitaha yenye baridi atarudi akijua kama anaipenda kazi yenyewe.

Maandalizi ya nyumbani

Mazoezi yaanze kabla ya kununua tiketi. Boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja inatosha kabisa kuwa darasa la kwanza: kaa upande mmoja, chagua ukanda unaokadiria kuwa na upana wa mita 300 kutoka ubavuni mwa chombo, na kila baada ya dakika kumi anza ukurasa mpya wa kuandika kila shakwe na kila buabua anayeingia katika ukanda huo. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyohesabu ndege kutoka melini, na upana huo pamoja na vipindi hivyo vya dakika kumi ni vipimo vinavyotumika katika bahari nyingi. Utagundua mapema kwamba ugumu haupo katika kuwatambua ndege pekee, bali pia katika kukadiria umbali juu ya maji, katika kutomhesabu mara mbili ndege anayeifuata boti, na katika kuendelea kutazama wakati ambapo kwa nusu saa nzima hapiti ndege hata mmoja.

Aliyeko Nairobi anaweza kujiunga na matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yanayoandaliwa na Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake ni jumuiya ya elimu ya viumbe iliyoanzishwa mwaka 1909, na mwezi Januari akajitolea katika sensa ya ndege wa majini. Tanzania ipo Nature Tanzania. Matembezi ya namna hiyo humfundisha mtu kulijua umbo na mruko wa ndege kabla ya rangi yake, na huko baharini, ambako mwanga hubadilika kila mara na boti haitulii, umbo na mruko ndivyo vinavyosalia.

Wavuvi nao wasisahauliwe. Manahodha wa pwani yetu huangalia kundi la ndege linalozama na kupanda ili kujua walipo jodari, na mazungumzo ya jioni moja pamoja nao yatakufundisha mambo kuhusu ndege na samaki ambayo vitabu vingi havina.

Wakati wa kwenda

Majira ya baridi ya kusini, kuanzia Mei hadi Agosti, ndiyo yenye albatrosi wengi, lakini pia ndiyo yenye dhoruba, na safari nyingi huahirishwa. Kiangazi, kuanzia Novemba hadi Machi, albatrosi hupungua na badala yao huja wahamiaji wa kaskazini, wakiwamo shakwe wa Sabine kutoka maeneo ya Aktiki. Kwa maoni yangu mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza achague mwishoni mwa Septemba au Oktoba: albatrosi bado wapo, bahari imeanza kupungua ukali, na ganeti, ndege wakubwa weupe wanaopiga mbizi kuvua samaki, wamekwisha kurudi kwenye viota vyao huko Lambert's Bay. Vyovyote iwavyo, usipange safari ya siku tatu. Safari za bahari kuu hutegemea hali ya hewa, na mara nyingi hutangazwa jioni ya siku iliyotangulia kwamba zimesogezwa mbele. Mwenye wiki nzima mkononi huipata siku yake, na mwenye siku tatu huweza kurudi ameuona Mlima wa Meza tu.

Kuhusu hati, Wakenya wameruhusiwa tangu Januari 2023 kuingia Afrika Kusini bila viza kwa utalii kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka. Wenye pasipoti za nchi nyingine waulize ubalozi mapema, kwa sababu baadhi hutakiwa viza na maombi huchukua muda. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano hata kama hudhani utaulizwa. Chanjo hiyo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, na cheti chake hudumu maisha yote.

Siku ya boti

Boti nyingi za kutazama ndege huondoka Simon's Town au Hout Bay alfajiri na kurudi alasiri. Ni boti ndogo za mwendo kasi zinazochukua watu kumi hivi, huipita Rasi ya Tumaini Jema na kuelekea kwenye ukingo ambapo sakafu ya bahari huteremka ghafla kwenda kilindini, makumi ya kilomita kutoka pwani. Unapoweka nafasi, uliza maswali matatu: je, ndani ya boti kuna mwongozaji mtaalamu wa ndege, je, nahodha hutafuta meli za kukokota nyavu, kwa maana nyuma ya meli hizo ndipo ndege hukusanyika, na je, safari ikivunjwa na upepo, fedha hurudishwa au siku hubadilishwa? Kiingilio ni randi elfu kadhaa kwa mtu, kwa hiyo jibu la swali la tatu si jambo dogo. Boti za papa na za nyangumi ni bei nafuu zaidi, lakini hazifiki ukingoni, na mtu aliyepanda hizo kwa ajili ya albatrosi amenunua kitu kingine.

Baridi ya huko haifanani na upepo wa kusi tuliouzoea. Vaa tabaka kadhaa, koti lisilopitisha maji, kofia ya sufu na viatu vyenye soli isiyoteleza. Darubini ya kukuza mara nane inafaa kuliko ya mara kumi, kwa kuwa kadiri ukuzaji unavyoongezeka ndivyo mtikisiko wa boti unavyozidi kuonekana. Darubini ya 8x42, yaani ya kukuza mara nane yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, isiyopitisha maji, inatosha kwa miaka mingi. Daftari liwe dogo na gumu, na andika kwa penseli, kwani wino huyeyuka ukilowa chumvi.

Kigegezi cha bahari kimewaangusha watu wengi hodari. Dawa kama sinarizini hupatikana kwa urahisi katika maduka yetu ya dawa. Mwulize mfamasia kipimo kinachokufaa, ukizingatia kwamba huleta usingizi, na uimeze kabla ya safari, kwa sababu ukishaanza kutapika haina msaada mkubwa. Kula chakula chepesi kisicho na mafuta, simama nyuma karibu na tezi ambako mtikisiko ni mdogo, na macho yako yatazame upeo wa macho. Kama umewahi kuvuka kwenda Pemba wakati wa kusi bila taabu, una dalili njema, ingawa si hakikisho.

Mkifika penye meli ya uvuvi, jizuie usitazame kila kitu kwa mara moja. Anza na albatrosi, na katika albatrosi anza na upande wa chini wa bawa. Yule mkubwa ambaye chini ya bawa ni mweupe karibu wote, akiwa na ukingo mwembamba mweusi na doa dogo jeusi mahali bawa linapoungana na mwili kwa mbele, ndiye albatrosi mwoga, ambaye hata hivyo hana woga wowote mbele ya matumbo ya samaki. Mwenye ukingo mpana mweusi chini ya bawa na mdomo wa njano iliyokolea kuelekea chungwa ni albatrosi mwenye nyusi nyeusi. Wachanga wake wana mdomo wa kijivu chenye ncha nyeusi. Mwembamba zaidi, mwenye mdomo mweusi uliopigwa mstari wa njano juu, ni albatrosi wa pua ya njano, na hao wapo wa aina mbili: wa Bahari ya Hindi ana kichwa cheupe, wa Atlantiki ana kichwa chenye kivuli cha kijivu. Tofauti hii ya mwisho huwasumbua hata wazoefu, na hakuna aibu kuandika "pua ya njano, aina haikujulikana". Rekodi yenye mashaka yaliyoandikwa wazi ina thamani. Rekodi ya kubahatisha huharibu zile nzuri zilizo jirani nayo.

Baada ya hapo wageukie petreli. Yule mkubwa mweusi-kahawia mwenye mdomo uliopauka ni petreli wa kidevu cheupe, na atakuwapo kwa wingi. Yule mdogo kabisa, mweusi mwenye kiuno cheupe, anayening'iniza miguu na kugusagusa maji kama mtu anayepima joto la bahari kwa vidole, ni petreli wa dhoruba wa Wilson. Ukibahatika utamwona albatrosi mzururaji, ambaye bawa lake kutoka ncha hadi ncha hufikia mita 3.5, boti nzima itapiga kelele, nawe utaruhusiwa kuliweka daftari chini kwa dakika chache.

Hesabu ya nyuma ya meli ni tofauti na hesabu ya ukanda, na zisichanganywe. Ndege elfu moja waliovutwa na samaki waliotupwa hawakuambii idadi ya ndege waliomo katika sehemu hiyo ya bahari. Wanakuambia kuna meli. Andika saa, mahali kwa kipimo cha GPS, upepo, na kwamba meli ipo, kisha kadiria kwa kuhesabu ndege kumi kwa uangalifu, ukalitumia kundi hilo la kumi kupimia kundi zima. Waombe watu wawili waliomo botini wakadirie pia bila kusikilizana, mkalinganishe baadaye. Tofauti itakayojitokeza itakushangaza, na ndiyo sababu kazi hii ina mbinu zake za takwimu.

Nchi kavu

Kwa siku zisizo za boti, pengwini wa Afrika wanaonekana kwa urahisi Boulders, karibu na Simon's Town, ambako walihamia wenyewe katika miaka ya 1980, na pia Stony Point huko Betty's Bay, ambako kuna watalii wachache zaidi na mnandi wa aina kadhaa wanaozaliana. Kaa kwenye njia za mbao. Mzazi akiinuka kwenye kiota kwa hofu, shakwe huhitaji sekunde chache tu kuchukua yai. Safisha viatu unapotoka eneo moja kwenda jingine, kwa kuwa homa ya mafua ya ndege iliua maelfu ya mnandi katika pwani hiyo mwaka 2021.

Lambert's Bay, iliyo saa tatu au zaidi kwa gari kuelekea kaskazini, inastahili kulala usiku mmoja. Kisiwa chake kimeunganishwa na bandari, na kuna kibanda cha kutazamia ambapo ganeti huwa karibu kiasi cha kuona rangi ya jicho. Katika msimu wa 2005 na 2006 ganeti wote walikihama kisiwa hicho baada ya sili kuwashambulia, na wahifadhi walitumia sanamu za ganeti kuwashawishi warudi. Mtu anayefikiria kazi hii azingatie kisa hicho: kutengeneza ndege bandia, kuwapanga kwenye mawe na kungoja pia ni sehemu ya sayansi yenyewe.

Kazi ilivyo

Watu wengi huidhani kazi ya kuwachunguza ndege wa baharini kuwa ni kukaa visiwani. Visiwa vipo, lakini sehemu kubwa ya mwaka hupita mezani, kwenye takwimu, maombi ya fedha, vibali na mikutano na watu ambao hawakubaliani nawe. Mfano mzuri ni pengwini wa Afrika, ambaye mwaka 2024 alitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, huku jozi zinazozaliana zikiwa hazifiki 10,000. Chakula chake ni sadini na dagaa, ambao pia hutafutwa na meli za nyavu za kuzungushia, jamaa kubwa ya ringineti zetu. Kuanzia mwaka 2008 watafiti walifanya jaribio la kufunga na kufungua uvuvi kuzunguka baadhi ya visiwa kwa zamu, wakipima uzito wa vifaranga, muda wa wazazi kuwa baharini na idadi ya walionusurika. Mabishano juu ya matokeo hayo yaliendelea kwa miaka mingi, yakafika mahakamani, na mwezi Machi 2025 amri ya mahakama ya Pretoria ilithibitisha maeneo yasiyovuliwa kuzunguka makoloni sita hadi mwaka 2033. Aliyekuwa akipima vifaranga miaka hiyo ya mwanzo hakujua kwamba daftari lake lingefika mbele ya hakimu, lakini ilimbidi aandike kana kwamba anajua.

Mfano wa pili unawahusu wavuvi zaidi. Albatrosi wengi walikuwa wakifa kwa kugonga nyaya za meli za kukokota nyavu na kwa kunasa kwenye ndoana za mishipi mirefu, ambayo ni dhulumati iliyokuzwa ikawa na ndoana maelfu. Tangu mwaka 2006 wataalamu wa kikosi cha albatrosi cha BirdLife, shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, walipanda meli hizo, wakalala na kula na mabaharia, na kuwaonyesha namna ya kufunga kamba zenye vitambaa vya kutisha ndege. Katika meli za Afrika Kusini zinazokokota nyavu za kuvulia samaki aina ya heki, vifo vya albatrosi vilipungua kwa asilimia 99. Kwa kazi ya namna hiyo, anayejua kuzungumza na nahodha bila kumdharau ana nusu ya ujuzi tayari, na naamini mtoto wa pwani ya Waswahili anaingia na mtaji ambao wengi hawana.

Ili kuionja kazi hiyo ukiwa bado huko, omba kutembelea taasisi ya utafiti wa ndege ya FitzPatrick ya Chuo Kikuu cha Cape Town, iliyoanzishwa mwaka 1960 na yenye shahada ya uzamili katika biolojia ya uhifadhi. Andika barua pepe wiki kadhaa kabla, ueleze kwa sentensi mbili unachotaka kuuliza. Kituo cha SANCCOB, kilichoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya kuokoa ndege waliopatwa na mafuta, hupokea watu wa kujitolea kwa majuma kadhaa. Kilijulikana duniani mwaka 2000 ilipozama meli ya Treasure, ambapo pengwini wapatao 19,000 waliochafuka walisafishwa, na wengine zaidi ya 19,000 waliokuwa safi wakapelekwa mbali hadi Port Elizabeth ili muda wa kuogelea kurudi uwape watu nafasi ya kusafisha bahari. Kazi ya kila siku kituoni ni kuosha vizimba na kulisha ndege wanaouma. Kabla ya kukubali, uliza gharama, na uhakikishe aina ya viza inayotakiwa, kwani ruhusa ya utalii haimaanishi ruhusa ya kufanya kazi, hata isiyo na malipo.

Hapa nitoe angalizo. Zipo programu nyingi duniani zinazowatoza vijana fedha nyingi ili wajitolee visiwani, na baadhi ni nzuri, lakini cheti cha kulipia hakimpi mtu nafasi mbele ya mwenye ujuzi. Fedha hizo zikitumika kusoma takwimu, kujifunza kuandika programu kwa R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, kuogelea vizuri, kupata cheti cha huduma ya kwanza na kujifunza kuwavika ndege pete chini ya mwalimu mwenye kibali, zitakufikisha mbali zaidi.

Njia ya kuanzia kwetu

Shahada ya kwanza si lazima isomewe nje. Chuo cha Mweka, Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar: kote huko mwanafunzi anaweza kuomba mradi wake wa mwisho uwe juu ya ndege wa pwani, na kwa kawaida hatapata mshindani. Mada zipo mlangoni. Fungu Mbaraka, kisiwa kidogo tambarare kusini-mashariki mwa Unguja, kina koloni la ndege wa baharini. Kisite na visiwa vya Kiunga nchini Kenya huzaliana buabua. Na ukusanyaji wa mayai umekuwa tatizo katika visiwa vya namna hiyo. Swali rahisi kama "ni viota vingapi vilifanikiwa msimu huu?" likijibiwa kwa uangalifu miaka mitatu mfululizo ni mchango halisi.

Kwa fedha za utafiti, WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao yake Zanzibar, hutoa ruzuku za sayansi ya bahari kwa watafiti wa ukanda huu, na mfuko wa Rufford wa Uingereza hutoa ruzuku ndogo kwa wanaoanza. Kwa uzamili, fuatilia ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, na wa Mastercard Foundation, ambao Chuo Kikuu cha Cape Town ni mshirika wake. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika badala ya kutegemea uliyosimuliwa. Ajira zenyewe si nyingi. Wanaozipata huwa vyuoni, kwenye makumbusho, katika mamlaka za hifadhi za bahari, katika mashirika ya uhifadhi, katika usimamizi wa uvuvi, na katika tathmini za athari kwa mazingira zinazofanywa kabla ya kuchimba gesi au kujenga bandari. Mwenye elimu ya ndege pekee hupata shida. Mwenye elimu ya ndege pamoja na uvuvi au takwimu huajiriwa mapema.

Jioni ya kila siku ya safari, kabla ya kulala, hamishia rekodi zako kwenye eBird, hifadhidata ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege, na uandike aya moja kuhusu jambo ambalo hukulielewa. Ukirudi nyumbani, chagua mojawapo ya aya hizo, tafuta ni nani amechapisha utafiti unaoikaribia, na mwandikie barua fupi: eleza uliona nini, wapi, kwa njia gani ulihesabu, na unauliza nini. Ambatisha jedwali lako la hesabu, na uache picha za albatrosi zibaki kwenye simu.